Wimbo Uliokataa Kuruka

Sajini Fauzia alikuwa amewazoea watu waongo; hao angeweza kuwahoji hata akiwa nusu usingizini. Aliyemshinda ni huyu Tsuma, ambaye hakusema uongo wala ukweli. Tangu jana jioni alikuwa amekaa kwenye sakafu ya mahabusu, mgongo ukutani, mikono juu ya magoti, ametulia utadhani anasubiri zamu yake kwa kinyozi.

"Tsuma, kesho asubuhi unapelekwa mahakamani Kwale," Fauzia alimwambia kupitia nondo. "Ukishasomewa mashtaka, mimi sina tena la kukusaidia. Unanielewa?"

"Nakuelewa, afande."

"Tresi ya Mzee Abdulwahab ilikuwa stoo ya hoteli Jumanne adhuhuri. Wapishi waliiona kwa macho yao. Zamu ya mlangoni ilikuwa yako mpaka magharibi, na ufunguo ulikuwa nao wewe. Jana meneja amefungua sanduku, hamna kitu. Kufuli halina hata alama. Sasa niambie, nani aliingia?"

Tsuma alitazama vidole vya miguu yake. Kampuni ya ulinzi ilikwisha kutuma mtu kuchukua sare yake, viatu na mkanda pamoja, na sasa alivaa suruali ya kuazima iliyompwaya kiunoni. Mke wake alikuwa mja mzito. Mambo yote hayo Fauzia alimkumbusha, na yote aliyajua.

"Mimi sikumwona mwizi, afande. Naapa."

"Sikukuuliza habari ya mwizi. Nimekuuliza nani aliingia."

Nje manyunyu yalikuwa yakianguka huku jua linawaka, na matone ya paa yalidondoka matatu, yakasita, yakadondoka mawili. Au labda ni Fauzia tu aliyesikia hivyo. Tangu jana alipozungumza na wanamuziki wa Mwabungo, mpigo wa vijiti vyao ulikuwa umemkaa kichwani: vitatu, kisha viwili, vitatu, kisha viwili. Alilala nao, akaamka nao, na asubuhi alijikuta anakoroga chai kwa mpigo ule.

Alipogeuka kuondoka, Tsuma alimwita.

"Afande. Mzee hajambo?"

"Hajambo, nasikia."

"Basi," alisema Tsuma, akarudisha kichwa ukutani.

Tresi yenyewe ni gitaa dogo la Kikuba, nyuzi zake zimefungwa mbili mbili, na katika pwani yote ya kusini ilikuwa hiyo moja. Mzee Abdulwahab alirudi nayo kutoka ubaharia ujanani, pamoja na santuri moja, akaanzisha pale Mwabungo bendi ya son, muziki wa dansi wa Kuba. Katika santuri walisikia marakasi, vibuyu vya kutikisa. Wao wakatikisa kayamba, na hakuna aliyelalamika. Watu wameoa na kuolewa kwa nyimbo zao za Kihispania ambazo hakuna hata mmoja anayejua maana yake. Kesho, Ijumaa, wageni walikuwa wanakuja hotelini kuwarekodi. Ndiyo maana meneja wa hoteli alipandisha sauti, mkuu wa kituo akapandisha zaidi, na Koplo Karisa akamtia pingu mtu wa kwanza aliyemwona na ufunguo.

Fauzia hakuridhika. Ukiwatoa watu wa hoteli, waliojua kuwa tresi hulazwa stoo tangu Mzee augue walikuwa wanabendi tu, na habari zao hazikuingiana na za jirani. Mpiga ngoma za bongo, mpiga besi na mtikisa kayamba, kila mmoja kwa wakati wake, walimwambia Jumanne hawakufanya mazoezi. Mzee aliwatumia salamu wapumzike. Lakini jirani wa Mzee alimwapia Koplo Karisa kuwa alasiri yote ya Jumanne bendi ilipiga. Mmoja wao alikuwa anamchezea shere, na Fauzia alikuwa hapendi kuchezewa shere katikati ya wiki.

Jirani huyo ni Bi Mbodze. Alimkuta barazani kwake, miguu imenyooshwa mkekani, anakunja majani makavu ya mnazi juu ya ufito na kuyashona kuwa makuti ya kuezekea. Vidole vyake havikusimama hata alipoinua uso.

"Shikamoo, Bi Mbodze."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako. Hapo usikanyage, hilo kuti ni la mtu."

"Nimekuja kwa habari ya Jumanne. Wanabendi wanasema hawakupiga."

"Wanasema?" Bi Mbodze alicheka kwa pua. "Mimi na muziki ule tumezeeka pamoja, leo waje waniambie sikuusikia? Madirisha yalifungwa kama kawaida yao, Mzee hataki upepo wa bahari. Lakini sauti ilitoka. Gitaa, vijiti, na uimbaji. Nilishona nao mpaka jua likageuka."

"Ulimwona nani akiingia?"

"Sikuona mtu. Mimi nasikiliza, sichungulii."

Fauzia aliamini nusu ya jibu hilo, akaendelea.

"Walipiga wimbo gani?"

"Walianza na Kijito. Wao huanza na Kijito siku zote."

Bi Mbodze akauimba, maneno yamesagika vinywani mwa watu mpaka hayakuwa Kihispania wala Kidigo, vidole vikikunja na kushona kwa mwendo wa sauti. Mvua ilinyamaza. Kuku walilala vumbini chini ya kingo za paa, na kwa muda Fauzia alisahau kuwa yeye ni polisi na kuna mtu anamsubiri mahabusu. Wimbo ulipanda polepole, ukakaribia mahali fulani, halafu bi mkubwa akaruka. Sauti ilikatika katikati ya neno na kutua mbele kwenye neno jingine, na mkono wake nao ukaruka pamoja, jani moja kwa jani la pili, bila kukosea.

"Hapo umeruka," alisema Fauzia.

"Ndivyo ulivyo. Ndiyo maana tukauita Kijito. Ukifika ukingoni, unaruka. Harusini watu wote huruka hapo, bibi harusi na mashela yake. Asiyeruka tunajua ni mgeni."

"Na Jumanne waliruka?"

Mikono ya Bi Mbodze ilisimama kwa mara ya kwanza. Alitazama upande wa nyumba ya Mzee Abdulwahab, akashusha sauti.

"Usiende kuwaambia, mwanangu. Watu wazima wana haya zao. Jumanne walikosea. Hawakuruka. Wimbo ulifika pale ukapita moja kwa moja, una maneno mengine humo ndani ambayo mimi sijawahi kuyasikia. Mkono wangu ukaruka peke yake. Tazama."

Alivuta kuti moja kutoka chini ya rundo. Lilikuwa limeshonwa vizuri mwanzo hadi mwisho, isipokuwa sehemu moja iliyoachwa wazi, pengo la kupitisha kiganja.

"Siwezi kumuuzia mtu hili, nyumba itavuja," alisema. "Nikajisemea, maskini Abdulwahab, maradhi yamemla hata kumbukumbu."

Fauzia alipitisha mkono kwenye lile pengo.

Nyumba ya Mzee ilikuwa ng'ambo ya ua. Maimuna, binti yake, mwalimu wa chekechea, alimpokea mlangoni na hakumpisha.

"Aleikum salaam. Sajini, nakuomba kwa heshima yako. Baba hajui."

"Hajui nini?"

"Hajui lolote. Wala habari ya tresi wala ya Tsuma. Tangu alipopatwa na kiharusi daktari amesema asishtuliwe. Tumemzimia redio, wageni tumewazuia, mtaa mzima umekubali kunyamaza. Ukiingia, wewe ni rafiki yangu, basi."

Kwao mgonjwa hapewi habari mbaya, na Fauzia, mzaliwa wa Msambweni, alilijua hilo toka utotoni. Mama yake mwenyewe alifichwa msiba wa kaka yake mpaka alipopona.

"Haiulizii tresi yake?"

"Alhamdulillahi, hapo Mungu ametusitiri. Siku zote huiulizia asubuhi na jioni, kama mtu anayemuulizia mjukuu. Lakini tangu Jumanne usiku hajauliza hata mara moja."

"Jumanne alasiri wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwa shuleni. Nilirudi magharibi nikamkuta amelala, amechoka sana. Bi Mbodze akaniambia walipiga muziki."

Chumbani madirisha yalikuwa yamefungwa, na jua la alasiri lilipenya kwenye mbao zake likaandika mistari sakafuni, kitandani, na kwenye kofia nyeupe ya Mzee Abdulwahab. Mkono wake wa kushoto ulikuwa chini ya shuka. Wa kulia uligonga ukingo wa kitanda taratibu. Mara tatu, kisha mara mbili.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, binti. Wewe ni wa nani?"

"Wa Salimu, wa Msambweni. Yule fundi cherehani."

"Salimu! Aliwahi kunishonea suti ya jukwaani, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine." Alitabasamu. "Keti. Wananiweka gizani humu kama embe la kuvundikwa."

Mzee hakuhitaji kuombwa ili asimulie. Meli yao ilitia nanga huko Kuba mvua inanyesha, naye akajibanza chini ya kibaraza cha duka. Ndani watu walikuwa wakipiga muziki. Alisikia ngoma, akasikia mtu anaita na wenzake wanaitikia, na miguu yake ikaanza kwenda yenyewe. Alidhani ni watu wa kwao Kwale waliomtangulia. Alipochungulia akakuta nyuso ngeni zinazomcheka, na mmoja akamkabidhi vijiti ajaribu. Mvua iliponyesha tena siku nyingine, alisema, alirudi pale pale kusimama, hata bila sababu.

Fauzia aliinuka kwenda ukutani, ambako santuri ilitundikwa kwenye msumari. Aliigeuza ikapata mwanga. Mkwaruzo mmoja mrefu uliikata kutoka ukingoni kwenda katikati.

"Hii ndiyo yenye Kijito?"

"Hiyo hiyo. Sindano ikienda, sisi tunaifuata."

"Na mkwaruzo huu?"

Kidole cha Mzee kilisita kwenye ukingo wa kitanda. "Umeuona," alisema tu. Kisha, kama mtu anayetaka kugeuza mazungumzo, "Binti, wewe unapita Galu? Hujamwona Tsuma, mlinzi wa hoteli? Kila Jumatano akitoka zamu hunipitia. Jana hakuja."

"Amekwenda kwao Kinango, baba," Maimuna aliwahi. "Wamefiwa."

Mzee alimtazama binti yake kwa muda mrefu.

"Kinango," alisema.

Garini, Fauzia alikaa bila kuwasha injini. Alikuwa amepata nyuzi zote, kilichobaki ni kuzikaza. Watu waliojifunza wimbo kutoka santuri yenye mkwaruzo hupiga na mkwaruzo wake. Kwao huo ndio wimbo, hata wakitaka kutoruka miguu na mikono itaruka. Basi ule wa Jumanne haukutoka mikononi mwao. Wanamuziki walisema kweli, na Bi Mbodze naye alisema kweli: muziki ulikuwepo, bendi haikuwepo. Ulitoka kwenye spika, wimbo mzima kutoka santuri nyingine isiyo na kasoro, na aliyeuweka si mtu wa Mwabungo, maana mtu wa Mwabungo angeshtuka kabla ya jirani.

Na Mzee je? Mzee angekuwepo chumbani asingevumilia wimbo wake upite ukingoni bila kuruka. Kwa hiyo hakuwepo. Muziki uliwekwa ili jirani aseme yupo, na binti aamini yupo. Halafu mtu aliyekuwa akiulizia tresi yake asubuhi na jioni ameacha kuuliza. Hakuna anayekiulizia kitu akiwa anajua kilipo.

Maneno ya Tsuma yakamrudia. Hakumwona mwizi, na kweli hakumwona. Alimwona mwenye mali.

Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeingia na kutoka nyumba ile ambaye hakukulia Mwabungo: Hesbon, kijana wa bara anayewatafutia wanabendi kazi za hoteli. Fauzia alimkuta Ukunda, nyuma ya duka la simu, anapakia spika kwenye pikapu kwa ajili ya kesho.

"Hesbon, una Kijito kwenye simu yako?"

"Niko nao, madam. Version safi kabisa, nilidownload mwenyewe."

"Hebu niwekee."

Aliuweka, akaendelea kufunga kamba. Muziki ulijaza kichochoro, pikipiki zikapita, mtu akacheka mbali. Fauzia alisimama akiusikiliza jinsi ulivyopanda, ukakaribia ukingo, na mwili wake mwenyewe, uliofundishwa alasiri ile tu, ukajiandaa kuruka. Wimbo haukuruka. Uliteremka kijitoni, ukaoga mle kwa maneno mapya, ukapanda ng'ambo.

"Umesikia kitu?" aliuliza.

"Kitu gani?"

"Ndicho nilichokuja kujua. Jumanne uliuweka huu nyumbani kwa Mzee Abdulwahab. Alikwenda wapi?"

Kamba ilimponyoka Hesbon mkononi. Alikaa juu ya spika kama mtu aliyekatwa miguu.

"Madam, aki mimi sikujua itafika huku. Mzee aliniambia, Hesbon, nitafutie gari, na uniwekee muziki Maimuna asijue nimetoka. Nikamtafutia Probox ya rafiki yangu. Alienda Munje, akarudi kabla ya magharibi."

"Na alipitia hotelini."

"Dereva alisema walisimama kidogo, Mzee akatoka na kitu kwenye shuka."

"Ulijua tangu jana, basi. Mtu yuko ndani."

"Nilijua." Macho yalimjaa machozi na hakuyaficha. "Nikisema, polisi wataenda kwa Mzee. Wakienda kwa Mzee, atashtuka afe, na mimi ndio nitakuwa nimemuua. Nilisema tu-wait mpaka Ijumaa ipite. Tsuma nitamwombea msamaha."

Fauzia alitaka kumgombeza na hakuweza. Mji mzima ulikuwa umepima uhai wa mzee mmoja na uhuru wa mlinzi mmoja, kila mtu kivyake, na kila mtu alikuwa amechagua vilevile.

"Munje kwa nani?"

"Kwa Luqman."

Jina hilo alikwisha lisikia kwa mpiga besi. Luqman alikuwa mwanafunzi mkubwa wa Mzee, mpaka siku alipofukuzwa kwenye bendi, na hakuna aliyetaka kusema kosa lake.

Munje hakuhitaji kuuliza njia. Alizima gari penye njia ya mchanga, akafuata sauti. Ilitoka nyuma ya ua wa makuti, nyuzi mbili mbili zikilia pamoja, kavu na tamu. Luqman, mwanamume wa makamo mwenye mvi za mapema, alikuwa amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, tresi kifuani. Alipomwona mgeni hakuificha. Alimaliza ubeti, akifika ukingoni akaruka, halafu ndipo akainua uso.

"Mimi ni Sajini Fauzia. Hiyo tresi inatafutwa."

"Inatafutwa na nani? Mwenyewe ameileta."

"Nataka kusikia alivyoileta."

Luqman aliilaza tresi mapajani. "Kosa langu umeambiwa?"

"Hapana."

"Nilisikia Kijito kwenye redio ya kigeni, kizima. Nikakimbia kwa Mzee na furaha zangu, nikamwambia mbele ya bendi: Mzee, wimbo wetu una jeraha, tunapiga mkwaruzo. Akaniambia nitoke nyumbani kwake. Nikatoka." Alipangusa kiuno cha tresi kwa kiganja. "Jumanne alikuja akakaa hapo ulipo. Akautoa mkono wake wa kushoto akauweka gotini kwangu, kama mtu anayeweka samaki. Vidole havifungi. Akasema, Luqman, ulisema kweli, na siku ile ile nilijua umesema kweli. Nililia tu."

"Kwa nini kwa siri?"

"Alitaka Ijumaa apande jukwaani, anikabidhi kwa mkono wake mbele ya watu. Hakutaka waanze kumhurumia kabla ya hapo. Tsuma alimfungulia stoo, na Mzee akamwomba asimwambie mtu mpaka Ijumaa. Tsuma akamwahidi."

"Tsuma yuko mahabusu. Kesho ni mahakamani."

Luqman alisimama. "Na Mzee amenyamaza?"

"Mzee hajui. Wamemficha."

Walirudi Mwabungo. Luqman aliikumbatia tresi kiti cha nyuma, na kila gari lilipotikisika nyuzi zilitoa sauti ndogo.

Maimuna alikuwa mlangoni tena, na alipomwona Luqman na alichobeba, alielewa haraka kuliko alivyotaka. Alinyoosha mikono akaziba mlango.

"Hapana. Chukueni maelezo ya Luqman, yatosha."

"Hayatoshi. Mkuu wa kituo anataka mwenye mali aseme mwenyewe."

"Ukimwambia na akaanguka, Fauzia, itakuwa juu yako."

"Najua," alisema Fauzia, na kweli alijua. "Na nikinyamaza, ya Tsuma itakuwa juu ya nani?"

Kabla Maimuna hajajibu, sauti ilitoka chumbani, si kubwa.

"Maimuna. Nani aliyefariki Kinango?"

Maimuna alishusha mikono mlangoni.

"Kwa Tsuma hakujabaki mtu wa kufa Kinango. Mamake tulimzika pamoja. Nimelala humu tangu mlipotoka naifikiria Kinango yenu. Njooni mniambie."

Fauzia aliingia akamwambia. Alisema pole pole, bila kuficha wala kutia chumvi, macho yakiwa kwenye kifua cha mzee kama anayetazama sufuria isichemke. Mzee Abdulwahab alifumba macho. Mistari ya jua ilikuwa imepanda ukutani mpaka kwenye santuri. Kisha alifumbua macho, akashusha miguu sakafuni.

"Nipeni kanzu," alisema. "Mnanifichaficha kama mtu mliyekwisha mzika, kumbe aliyezikwa ni Tsuma."

Vifungo vya shingo vilimshinda kwa mkono mmoja. Maimuna alipiga magoti akavifunga, anatokwa na machozi, na baba yake akamwekea ule mkono mzima kichwani.

Kituoni waliwahi kabla mkuu hajafunga ofisi. Mzee hakukubali kiti. Aliegemea meza ya mapokezi, akatoa mkono wake wa kushoto, akauweka juu ya mbao mbele ya mkuu wa kituo, Koplo Karisa na watu wote waliokuja na shida zao, wautazame.

"Gitaa ni langu na nililichukua mimi," alisema. "Niliona haya ya mkono huu. Mtoeni kijana wa watu."

Karisa alimtazama mkuu, mkuu akamtazama Fauzia, Fauzia akautazama mlango wa mahabusu. Funguo zikalia. Tsuma alitoka anapepesa macho, ameshika suruali kiunoni isimvuke, na alipomwona nani amesimama pale uso wake ulifadhaika kama wa mtu aliyekamatwa sasa hivi.

"Mzee, mimi sikusema," alisema.

"Najua, mwanangu."

"Ijumaa bado. Ulisema mpaka Ijumaa."

"Sasa nimesema mwenyewe." Mzee alinyoosha mkono wa kulia. "Luqman, lete."

Luqman alileta tresi. Mzee aliipokea kwa mkono wa kulia, akaikumbatia kidogo, kisha akamrudishia mbele ya watu wale, ambao hawakuwa watu aliowataka, mahali ambapo hapakuwa jukwaa. "Ni yako," alisema. "Na wimbo upige unavyojua. Mzima ukitaka."

Hakuna aliyemwambia Luqman apige, wala hakuna aliyemkataza. Aliegemeza mguu kwenye benchi la washitaki akaanza Kijito, na Mzee akagonga meza ya polisi kwa kifundo cha kidole, vitatu, kisha viwili. Mwanamke aliyekuja kuripoti mbuzi wake alianza kuitikia. Wimbo ulipanda, ukapanda, ukafika ukingoni, na Luqman akamtazama Mzee, naye Mzee akaangalia pembeni asimlazimishe.

Lakini Tsuma hakungoja waamue. Alishika suruali ile ya kuazima kwa mikono miwili, akaruka.